Nyonga ya Mtoto Haiokolewi kwa Kisu Peke Yake

Mzazi aambiwapo na daktari kwamba nyonga ya mwanawe mwenye mtindio wa ubongo haina budi kupasuliwa, neno la kwanza analouliza ni hili: je, akishapasuliwa atatembea? Twaona ni wajibu wetu kulijibu swali hilo kwa ukweli, maana mfanyakazi anayetumia likizo na akiba yake kumpeleka mwanawe hospitali hastahili kupewa matumaini ya bure.

Kwanza tuelewe chanzo. Kwa kawaida mtoto huyu hazaliwi na nyonga mbovu. Penye kasoro ni ubongo, ambao huiamrisha misuli isivyo sawa. Misuli ya paja hukakamaa, na kadiri mtoto anavyokua ndivyo kichwa cha mfupa wa paja kinavyosukumwa polepole nje ya kikombe chake. Mwanzoni mara nyingi hapana maumivu, kwa hiyo hapana anayeshtuka. Baadaye mtoto hushindwa kuketi sawasawa, na kumwogesha na kumvika nguo huwa taabu kwake na kwa mama yake.

Jambo hili si la nadra. Katika jimbo la Victoria, Australia, walichunguzwa watoto 323 waliozaliwa kati ya 1990 na 1992, ikaonekana kwamba 35 kwa mia nyonga zao zilikuwa zimesogea. Miongoni mwa wale wanaotembea bila shida hakuonekana hata mmoja. Miongoni mwa walioathirika zaidi walikuwa 90 kwa mia.

Sasa tuseme juu ya kisu. Njia kubwa ni mbili. Moja ni kulegeza misuli na kano zilizokaza. Nyingine ni kukata mfupa wa paja na kuupanga upya, na pengine kukitengeneza kikombe chenyewe. Madaktari wa Melbourne waliwafuatilia watoto 330 waliofanyiwa ile ya kwanza, kwa wastani wa miaka 7, wakatoa matokeo yao mwaka 2012. Waliofanikiwa, yaani ambao nyonga zao hazikusogea sana wala hazikuhitaji kupasuliwa tena, walikuwa 32 kwa mia tu. Kati ya wale wanaotembea kwa shida kidogo walifanikiwa 94 kwa mia. Kati ya wasioweza hata kuketi bila kutegemezwa, 14 kwa mia. Upasuaji wa mifupa hudumu zaidi, lakini ni mzito zaidi, na mtoto aliyepasuliwa akiwa mdogo sana huweza kuhitaji kupasuliwa tena kabla hajamaliza kukua.

Basi jibu letu kwa mzazi ni hili. Mtoto ambaye hakuwa akitembea, upasuaji wa nyonga kwa kawaida hautamtembeza. Unachotafutwa ni aketi, alale na aogeshwe pasipo maumivu, leo na atakapokuwa mtu mzima. Hilo si jambo dogo, na asiyelithamini hajapata kumsikia mtoto akilia usiku kucha.

Lakini yako matokeo mema kupita hayo, nayo hayakuletwa na kisu peke yake. Mwaka 1994 huko kusini mwa Uswidi, waganga waliamua kumwandikisha kila mtoto mwenye mtindio wa ubongo, kumpima kwa vipindi maalumu na kumpiga picha ya eksirei kabla hajaanza kulalamika. Kabla ya hapo, katika watoto 103 waliozaliwa 1990 na 1991, nyonga za 9 zilitoka kabisa mahali pake. Katika watoto 258 waliozaliwa kati ya 1992 na 1997 walikuwa 2. Na katika 431 waliozaliwa kati ya 1998 na 2007 hakuwapo hata mmoja. Hesabu hiyo ilifungwa Januari 1, 2014. Watoto hawakuachwa bila kupasuliwa. Walipasuliwa kwa wakati wake, kwa sababu walikuwa wakitazamwa.

Hapo ndipo penye funzo. Daftari, picha na tarehe ya kurudi ni sehemu ya tiba sawa na kisu chenyewe. Usiposiba ufa, utajenga ukuta.

Kwa hiyo twawaomba wazazi wasiwafiche watoto hawa ndani, bali wadai nyonga zao zipigwe picha mapema, na wasiache kuwarudisha hospitali hata baada ya kidonda kupona, mpaka mifupa ikomae. Twawaomba viongozi wa matawi wazijue nyumba zenye watoto hao. Na wakuu wa kazi wakumbuke kwamba mwenzetu anayeomba ruhusa ya nusu siku kumpeleka mwanawe kupigwa picha hakimbii kazi. Anamwepusha mwanawe na maumivu ya maisha mazima.