Redio Kazini: Sikio Nalo Lina Kazi Yake

Mtu atakayepita Bwera siku ya gulio, kabla hajaufikia mpaka wa Mpondwe, atakuwa amekwisha kupita katikati ya muziki wa namna tano au sita. Fundi cherehani ameiweka redio pembeni ya meza yake. Kinyozi ametundika kipaza sauti juu ya mlango. Mwuza vitenge anapiga rumba ya Kongo ili wateja wanaovuka kutoka ng'ambo ya mto Lhubiriha wajione wako nyumbani, na wapagazi wanapita na magunia kwa mwendo wa wimbo ambao si wao walioufungulia. Mwendesha bodaboda, kwa kuwa hana mahali pa kuweka redio, ameutia muziki masikioni kwa vile vidude viwili vidogo vinavyounganishwa na simu ya mkononi. Mjini Kasese hali ni hiyo hiyo, tofauti ni kwamba vipaza sauti ni vikubwa zaidi.

Wapo waajiri wanaolalamika kwamba redio inakula muda wa kazi. Wapo wafanyakazi wanaowajibu kwamba pasipo redio siku haiishi. Kila upande una ukweli wake, na ndiyo sababu ubishi huu haujapata kwisha. Katika mazungumzo haya tutajaribu kueleza kwa nini muziki ule ule unaomsaidia mtu mmoja kazini waweza kumponza mwenzake. Jambo la kuangaliwa kwanza, kwa maoni yetu, si muziki wenyewe bali ni sikio: je, katika kazi hiyo sikio limepewa kazi, au limekaa bure?

Hapana budi tuanze na wazee wetu, maana kazi na wimbo si jambo lililoletwa na redio. Katika nchi zetu zote watu wamelima kwa wimbo, wametwanga kwa wimbo, wamevuta kamba na kupiga makasia kwa wimbo. Mtu mmoja alianzisha, wengine wakaitika, na jembe likaanguka pale kiitikio kilipoanguka. Wakonzo wa milima ya Rwenzori wana marimba makubwa yaitwayo endara, ambayo vibao vyake hulazwa juu ya vigogo vya migomba na kupigwa na watu kadhaa kwa wakati mmoja. Hayo si muziki wa shambani, ni muziki wa mikusanyiko. Lakini yeyote aliyewaona wapigaji wake wamekaa bega kwa bega anafahamu jinsi mikono mingi inavyoweza kuwa mkono mmoja.

Sasa, wimbo wa kazi wa namna ile ulikuwa na sifa moja ambayo redio haina. Uliitii kazi. Walimaji wakichoka, mwanzilishi alipunguza mwendo. Ardhi ikiwa ngumu, wimbo ulikuwa mzito. Nyoka akionekana, wimbo ulikatika papo hapo. Redio haijui kama umechoka wala kama kuna nyoka. Inaendelea tu.

Wazungu nao waliligundua jambo hili walipotaka kutumia redio kuongeza nguvu za wafanyakazi. Mnamo mwezi wa Juni 1940, vita vikuu vya pili vikiwa vimepamba moto, Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianzisha kipindi cha muziki kwa ajili ya viwanda, ambamo wanawake kwa wanaume walikuwa wakitengeneza silaha kwa saa nyingi mfululizo. Kipindi hicho, ambacho kilidumu hadi mwaka 1967, hakikuwa cha kutwa nzima. Kilipigwa kwa muda wa kama nusu saa, asubuhi na tena alasiri, katika zile saa ambazo mwili huanza kulegea. Muziki wake ulichaguliwa kwa uangalifu mkubwa. Nyimbo za polepole mno zilikataliwa kwa kuwa zililetea watu usingizi. Wimbo mmoja wa Kimarekani uliopendwa sana, wenye mahali pa kupiga makofi, uliondolewa kwa sababu wafanyakazi, wakiwa na spana na nyundo mikononi, waliyapiga makofi hayo juu ya mashine.

Huko Marekani kampuni iitwayo Muzak, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilifanya biashara ya kupeleka muziki viwandani na maofisini. Baadaye wakabuni utaratibu wa kupiga muziki kwa robo saa, ukipanda mwendo kidogo kidogo, kisha robo saa ya kimya. Msikilizaji aangalie hapo: watu ambao riziki yao yote ilikuwa ni kuuza muziki wa kazini, waliuza na kimya pia. Hawakufanya hivyo kwa huruma. Waliona kwamba muziki usiokoma hugeuka kuwa kama mlio wa mvua juu ya bati. Sikio huacha kuusikia, na ile nguvu iliyotafutwa hupotea.

Redio za Bwera hazijui kimya. Hufunguliwa alfajiri na kufungwa magulio yanapofungwa. Zamani, nguvu ya betri ilikuwa kipimo. Mtu aliyezianika betri zake juani ili zifufuke kidogo hakuthubutu kufungulia redio kutwa. Siku hizi umeme wa jua na simu zimeondoa kipimo hicho.

Pamoja na hayo, tusimwonee fundi cherehani. Kazi ya kushona sare za shule, sare ya hamsini ikiwa sawasawa na ya kwanza, ni kazi ambayo mkono umeijua na macho yanaisimamia. Sikio limekaa bure, na akili isiyo na la kufanya huchoka kabla ya mwili. Hapo muziki ni chakula. Kadhalika kwa mtu achaguaye buni mbaya kutoka nzuri juu ya turubai, au mwenye kufuma vikapu. Zaidi ya hayo, yafaa kukumbuka jambo moja lililoonekana katika jaribio lililotangazwa Marekani mwaka 1994. Madaktari 50 wa upasuaji walipewa hesabu za kutoa mfululizo, mara nyingine wakisikiliza muziki walioupenda wenyewe, mara nyingine muziki waliochaguliwa na wapimaji, na mara nyingine pasipo muziki. Walifanya kwa haraka na usahihi zaidi walipokuwa na muziki wao wenyewe. Kwa hiyo kipaza sauti ambacho tajiri mmoja anakifungulia kwa ajili ya wafanyakazi ishirini hakiwezi kuhesabiwa kuwa kitu kimoja na redio ya fundi mwenyewe. Kwa mmoja ni burudani, kwa jirani yake ni kelele aliyolazimishwa.

Mambo hubadilika mara kazi inapohitaji maneno. Karani anayesoma barua, mwalimu anayesahihisha madaftari, mtunza stoo anayeshikilia tarakimu kichwani kabla hajaziandika, hao wote hutumia sehemu ile ile ya akili inayosikiliza maneno ya wimbo. Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelithibitisha hili mara nyingi: nyimbo zenye maneno huvuruga usomaji na kukumbuka mambo kwa mpangilio kuliko muziki mtupu wa ala. Karani atasema amezoea. Huenda ni kweli amezoea. Lakini hesabu zake hazikuzoea.

Tukija sasa kwenye kazi ambazo sikio ndilo chombo chenyewe, wilaya ya Kasese ina mifano ya kutosha. Kule Kilembe, ambako shaba ilichimbwa tangu katikati ya miaka ya 1950 na kusafirishwa kwa reli kupelekwa kuyeyushwa Jinja, hadi uchimbaji ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu walifanya kazi ndani ya mlima. Katika migodi ya chini ya ardhi popote duniani, mchimbaji ana desturi ya kuligonga dari la mwamba kwa mtaimbo kabla hajasimama chini yake. Mwamba mzima hulia kama kengele. Mwamba ulioachana na wenzake hutoa sauti ya mtungi mtupu, na mchimbaji huondoka hapo. Nani angemruhusu mtu wa namna hiyo atie muziki masikioni? Na bado tunamruhusu mwendesha bodaboda.

Barabara itokayo Kikorongo kwenda Bwera na Mpondwe hupitwa na malori makubwa yenye shehena za kwenda Kongo. Mwendesha pikipiki hana macho kisogoni. Honi ya lori lililo nyuma yake, mlio wa tairi, mayowe ya abiria wake mwenyewe anayemwambia apunguze mwendo, yote hayo huja kwa njia ya sikio. Aliyeyaziba masikio yake kwa muziki amejifanya kiziwi kwa hiari, na amembeba mtu mwingine ambaye hakuambiwa kwamba dereva wake ni kiziwi. Katika jambo hili sisi hatuoni nafasi ya kubishana juu ya kiasi. Pikipiki inapotembea, vidude vile vikae mfukoni, na abiria ana haki ya kukataa kupanda mpaka viwe mfukoni.

Wakulima wanaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth wanalifahamu somo hili pasipo kufundishwa. Anayelinda mahindi usiku huenda akawa na redio kibandani, na sauti ya binadamu gizani ni faraja kubwa. Lakini ndovu, ijapokuwa mwili wake ni mkubwa, hutembea kwa miguu laini mno. Mlinzi mzoefu huipunguza redio hadi iwe mnong'ono, na kila baada ya muda huizima kabisa asikilize.

Tena kuna mto Nyamwamba. Mto huo hushuka kutoka Rwenzori, ukapita Kilembe na kuingia mjini Kasese. Mwezi wa Mei 2013 ulifurika ukaua watu na kubomoa nyumba. Mwaka 2014 ukarudia. Na mwezi wa Mei 2020 ukaivamia hata hospitali ya Kilembe, wagonjwa wakalazimika kuhamishwa. Mvua yaweza kunyesha juu milimani huku bondeni jua linawaka. Mto unaobingirisha mawe huanza kusikika kabla haujaonekana, na dakika hizo chache ndizo za kumchukua mtoto na kukimbia. Mtu anayechota mchanga au kuponda kokoto kandokando ya mto huo anafanya kazi ya kuchosha kuliko nyingi, na hakuna anayestahili muziki zaidi yake. Lakini auweke muziki huo kando, kwa sauti ndogo, asiutie ndani ya masikio yote mawili. Vilevile watu wanaofanya kazi pamoja mtoni hawashindwi kupeana zamu, mmoja wao akae kimya na kusikiliza kwa niaba ya wengine.

Huko Mpondwe nako kuna watumishi ambao kazi yao ni kuuliza na kusikia majibu. Mwezi wa Juni 2019 ugonjwa wa ebola uliokuwa Kongo ulivuka mpaka huo, na wagonjwa wakahudumiwa katika hospitali ya Bwera. Mhudumu wa afya anayesimama mpakani humwuliza msafiri ametoka wapi, amekaa na nani, kuna nani aliyefiwa nyumbani. Majibu huja kwa Kilhukonzo, kwa Kiswahili cha Kongo, kwa Kilingala au Kifaransa, mara nyingi kwa sauti ya chini ya mtu aliyechoka au mwenye hofu. Kipaza sauti cha duka la jirani chaweza kulifunika neno moja ambalo ndilo lililokuwa likitafutwa. Wenye maduka wanaokaribiana na mahali pa ukaguzi, zahanati na shule hawapotezi mteja hata mmoja wakivigeuza vipaza sauti vyao viangalie upande mwingine.

Limebaki jambo la afya ya sikio lenyewe, nalo linawahusu zaidi wale wa mashine za kukoboa kahawa na za kusaga unga. Wataalamu wa afya kazini hupima kelele kwa kipimo kiitwacho desibeli. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani inashauri kwamba kelele ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku. Ikipanda kwa desibeli 3 tu, muda hukatwa nusu: desibeli 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na 94 ni saa 1 peke yake. Asiye na chombo cha kupimia atumie mdomo wake. Ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, kelele imekwisha kufika mahali pabaya.

Katika vyumba vya mashine kijana hufanya lililo kinyume kabisa. Kwa kuwa mashine inamfunika mwimbaji, yeye humwongezea mwimbaji sauti mpaka aishinde mashine, na sikio lake hupokea mizigo miwili. Kiziwi wa namna hii haji kwa siku moja, wala hana maumivu ya kumwonya. Kwanza hupotea sauti nyembamba, kama mlio wa simu au sauti za watoto, ndipo mengine. Tena mashine yenyewe huzungumza. Mkanda unaoteleza, au beringi iliyokauka mafuta, hubadili mlio saa nyingi kabla haijavunjika, na mwendesha mashine aliye hodari huusikia mabadiliko hayo kama mama asikiavyo kikohozi cha mwanawe.

Mwenye mashine anaweza kuwanunulia vijana wake vizibo vya kukinga masikio, ambavyo bei yake ni ndogo kuliko ya beringi moja, kisha akaiweka redio nje, chini ya mti wanapokula. Saa saba mashine inapozimwa, ifunguliwe kwa sauti ya kiasi, na vijana wachague wimbo wenyewe.