Maziwa ya papai: ni ya kuuza, si ya kupaka usoni

Ndugu wanamemba wa kooperative, katika mikutano yetu ya Masisi na Walikale wamama wengi wanatuuliza: «Kama ile maziwa ya papai bichi inatiwa katika mafuta ya kuondoa makunyanzi, mbona tusijipake moja kwa moja?» Jibu letu ni hapana. Sababu ni hii.

Ndani ya maziwa hayo mna papaini. Kazi yake ni kuvunja protini. Ndiyo maana nyama ngumu ikifungwa kwa majani ya papai inalainika. Viwanda vinaisafisha na kuitia kidogo tu katika mafuta ya uso, ili iondoe ngozi ya juu iliyokufa. Uso unakuwa laini, lakini makunyanzi yako chini zaidi, hayaondoki.

Maziwa mabichi hayakupimwa nguvu: yanachoma ngozi, na yakiingia jichoni ni hatari. Wengine yanawavimbisha na kuwabana pumzi. Kwa ajili ya shida hizo, mwaka 2008 serikali ya Marekani iliagiza makampuni yaache kuuza dawa za kupaka zenye papaini ambazo hazikuruhusiwa.

Faida yetu iko katika kuyauza. Ndugu zetu wa Beni na Mambasa wanakamua papaini tangu zamani. Mipapai inapenda joto la bonde la Walikale. Kwenye vilima vya juu vya Masisi baridi inaizuia.

Anayekamua afuate haya:

– Kamua asubuhi mapema, papai likiwa kubwa lakini bado kijani.
– Chana juu juu, milimita 1 hadi 2. Ukichana sana, papai linaoza.
– Kusanya katika plastiki safi. Chuma chenye kutu kinaua nguvu ya papaini.
– Kausha kwa joto dogo, chini ya digrii 55. Jua kali linaigeuza kahawia, na bei inaanguka.
– Vaa gandi na miwani. Tone likigusa ngozi, osha kwa maji mengi. Likiingia jichoni, osha kisha kimbia kituo cha afya.

Papai lililokamuliwa bado linaiva na kuliwa. Lakini kabla ya kupanda shamba zima, kooperative imtafute kwanza mnunuzi na kukubaliana naye bei ya kilo. Papaini iliyolala gala inapoteza nguvu, na jasho letu linapotea nayo.