Nani atawafundisha vijana wa Ngara na Biharamulo?

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe dukuduku langu juu ya jambo linalozungumzwa sana huku kwetu Ngara na kwa jirani zetu wa Biharamulo. Jambo lenyewe ni nani atachukua nafasi ya kocha wa timu yetu ya vijana wa chini ya miaka 17. Aliyekuwapo, mwalimu wa sekondari, amehamishiwa mkoa mwingine kikazi, na tangu aondoke nafasi yake iko wazi. Mimi ni mzazi wa mmoja wa wachezaji, kwa hiyo wasomaji wanajua mapema kwamba jambo hili linanigusa.

Timu yenyewe si kubwa. Ni ya walimu na wazazi waliochangishana wakanunua mipira na jezi. Mara moja kwa mwezi watoto wa wilaya zote mbili hukutana Nyakahura, kwenye barabara kuu iendayo Rusumo, kwa sababu hapo hakuna upande unaosafiri sana kuliko mwingine. Siku nyingine kila kijana hufanya mazoezi shuleni kwake. Wanaochaguliwa katika michezo ya shule huenda Bukoba, na Bukoba ni mbali. Asiyeamini na apande basi kutoka Ngara aone jua likizama yungali njiani.

Sasa kila ukikaa penye kahawa utasikia majina. Wa Biharamulo wanamtaka mchezaji wa zamani aliyewahi kucheza ligi kuu, ambaye siku hizi ana duka la vipuri pale Nyakanazi. Wa Ngara wanamtaja askari mstaafu mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya mto. Wapo wanaosema atakuja kijana mwenye cheti kutoka Mwanza. Na wapo wachache, nami ni mmoja wao, wanaomtaja mwalimu wa shule ya msingi wa upande wa Rulenge, mwanamke, ambaye kwa miaka minne amekuwa msaidizi wa kocha aliyeondoka. Akitajwa huyu watu hucheka kidogo, kisha mazungumzo hurudi kwa yule wa vipuri.

Ndugu Mhariri, sina ugomvi na wachezaji wa zamani. Huyu wa Nyakanazi nilimwona akicheza na alikuwa hodari. Lakini tunavyotafuta kocha wa vijana ni kama tunatafuta mtu wa kutupatia kombe mwezi ujao, na kombe la haraka kwa watoto mara nyingi hupatikana kwa njia moja: kuwachezesha waliozidi umri. Tusijifanye hatuijui njia hiyo. Mwaka 2005 timu yetu ya Taifa ya vijana, Serengeti Boys, ilikuwa imekwisha kufuzu kwenda Gambia kwenye fainali za Afrika, ikaondolewa kwa sababu ya mchezaji aliyezidi umri. Watoto wengine wote waliokuwa halali wakaadhibiwa pamoja naye. Miaka 12 baadaye mambo yakageuka. Congo Brazzaville, waliokuwa wametutoa uwanjani, waliondolewa baada ya mchezaji wao kutofika kupimwa umri, na sisi ndio tukaenda Gabon mwaka 2017. Huko tulitoka sare na Mali, tukaifunga Angola 2-1, tukafungwa na Niger 1-0. Ilibaki kidogo tu tuingie nusu fainali.

Siku hizi kuna kipimo cha mashine kinachopiga picha mfupa wa kifundo cha mkono. FIFA ilianza kukitumia katika Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 17 kule Nigeria mwaka 2009. Mashine hiyo hatuna Nyakahura. Tulicho nacho ni daftari la yule mwalimu wa Rulenge. Ndani yake ameandika kila mtoto, tarehe ya kuzaliwa, mwaka alioanza darasa la kwanza, jina la mzazi na kijiji. Penye mashaka amekwenda nyumbani kwa mtoto kwa baiskeli akauliza bibi na majirani. Mwaka juzi aliwatoa vijana wawili kikosini, mmoja wao mfungaji wetu bora, na wazazi wa Biharamulo walimnunia kwa miezi. Kocha aliyeondoka alimuunga mkono. Je, huyu wa vipuri angemuunga mkono? Sijui, lakini ndilo swali ambalo ningependa aulizwe kabla hajakabidhiwa filimbi.

Daftari hilo lina kazi nyingine ambayo mtu wa Mwanza hawezi kuijua upesi. Ngara imepakana na Rwanda na Burundi. Kihangaza tunachozungumza ni ndugu wa Kirundi, na mtoto wa Kabanga akimwita mwenzake uwanjani, mgeni husikia Kirundi. Mwaka 1994, mwezi Aprili, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama siku moja, wakaweka makazi pale Benaco. Tangu hapo mtu wa mbali akisikia Ngara hufikiri wakimbizi. Nimeshuhudia katika mashindano fulani mtoto wa darasa la sita akizuiwa kuingia uwanjani kwa sababu timu pinzani ilidai kwamba si Mtanzania. Alisimama pembeni akiwa amevaa viatu vya kuazima, mechi ikaanza bila yeye. Babu yake amezikwa Mabawe! Aliyemwokoa katika mechi iliyofuata ni yule mwalimu, alipofungua daftari, akataja jina la baba, la babu, la mwenyekiti wa kitongoji, akatoa na cheti cha kuzaliwa alichokuwa amemsaidia mzazi kukifuatilia. Huyo mtoto leo ni beki wetu.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya karani, si ya kocha. Kwa timu ya wakubwa nakubali. Kwa watoto sikubali, kwa sababu kocha wao ndiye anayejua nani hajala, nani anachunga ng'ombe jioni, na nani ameacha shule kwenda kuuza mahindi njia panda Nyakanazi.

Jingine ni la kukaa. Nafasi ya kocha wa vijana nchini kwetu imekuwa kama ngazi ya kupandia. Mwaka 2011 TFF ilimleta Kim Poulsen, raia wa Denmark, kufundisha timu za vijana. Mwaka 2012 alipandishwa kufundisha Taifa Stars, na kazi ya vijana ikabidi itafutiwe mtu mwingine. Sisemi alikosea, maana nani angekataa? Lakini mtazame Bakari Shime. Ndiye aliyekwenda na vijana Gabon mwaka 2017, na ndiye aliyekwenda na wasichana wetu, Serengeti Girls, kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022. Walianza kwa kufungwa na Japan mabao 4, wakainuka wakaishinda Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakafika robo fainali ambako Colombia iliwatoa. Huyo ni mtu aliyebaki na watoto, na matunda tumeyaona. Mtu wa Mwanza mwenye cheti atakaa kwetu muda gani kabla hajapata timu ya ligi? Miezi sita? Barabara ya Ngara imewachosha watumishi wengi wenye mishahara, sembuse yeye ambaye atalipwa kwa michango yetu.

Nakiri kwamba mwalimu wetu hana cheti cha ukocha. Hilo ni pungufu la kweli na wanaolitaja wana haki. Lakini Chuo cha Maendeleo ya Michezo cha Malya, wilayani Kwimba, hakiko mwisho wa dunia, na fedha tunazotaka kumkodishia kijana wa Mwanza nyumba zingetosha kumsaidia mwalimu kusoma wakati wa likizo. Kuhusu yeye kuwa mwanamke, sina mengi. Kule Kenya mwaka 2024 klabu ya FC Talanta ya ligi kuu ilimkabidhi Jackline Juma timu ya wanaume, watu wazima wenye ndevu. Sisi tunaogopa watoto wa miaka 15 ambao wengi wao ndiye aliyewafundisha kusoma?

Hata hivyo sitaki mchezaji wa zamani atupwe. Ana mengi ya kuwaonyesha washambuliaji wetu, ambao wakifika golini hupiga mpira kama wanafukuza nyani shambani. Awe msaidizi, aje Nyakahura mara moja kwa mwezi, alipwe nauli. Mzee askari naye asimamie mbio za asubuhi kwa upande wa Ngara, kwani kwa hilo hana mpinzani.

Naomba basi wenyekiti wa wazazi wa pande zote mbili waitishe mkutano kabla shule hazijafunguliwa. Uitwe Nyakahura, siku isiyo ya gulio ili watu wapate nafasi, na wote wanaotajwa waje, wasimame, waulizwe maswali mbele yetu. Mwalimu naye aitwe kwa barua. Mpaka leo ninapoandika, hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama anaitaka kazi hiyo.

Wako katika michezo,

Mzazi wa Mchezaji,
Rulenge, Ngara.