Fomu Iliyomsubirisha Mhasibu

Mhasibu wetu hapa Juba alikaa mbele ya ukurasa mmoja tangu saa tatu asubuhi hadi jenereta ilipozimwa mchana. Ukurasa wenyewe ulikuwa mtupu, isipokuwa maneno ya Kiingereza yanayoanza kwa kumwomba asubiri. Akasubiri. Faiba ilifika mji huu mwaka 2020 tu, ikitokea mpaka wa Uganda, na waliofanya kazi hapa kabla yake wamezoea kuipa intaneti muda wake. "Kaka, mtandao wako leo umelala," aliniambia.

Mtandao ulikuwa mzima. Aliyemkwamisha ni mimi.

Wiki hiyo nilikuwa nimeondoa Acrobat Reader, programu ya kusomea PDF, kwenye kompyuta zote za ofisi na kuweka nyingine, SumatraPDF. Sababu zangu zilikuwa nzuri, na hadi leo nazitetea. Mashine zetu nyingi zina RAM ya GB 4. Acrobat Reader hupakuliwa kwa mamia ya megabaiti, na kila toleo jipya linakula data ya ofisi nzima. SumatraPDF ni ya bure, ni nyepesi, inafunguka papo hapo. Niliijaribu kwa mikataba, ankara na ripoti ndefu za picha, nayo ikazifungua zote bila shida. Kumbe zote zilikuwa za mezani kwangu. Sikumwomba mhasibu hata faili moja.

Fomu yake ya bajeti, iliyotoka kwa mfadhili, ilitengenezwa kwa teknolojia iitwayo XFA. Faili kama hilo lina jina la PDF, lakini fomu yenyewe imefichwa ndani kama maelekezo ya XML, na programu ndiyo inayotakiwa kuichora. Isiyojua kuichora huonyesha ukurasa wa juu tu, ule wa "subiri". Chini yake imeandikwa kwamba huenda programu yako haiwezi kufungua hati ya aina hii, lakini nani anafika sentensi ya pili wakati muda wa kuwasilisha unayoyoma? Kiwango kipya cha PDF cha mwaka 2017 kilishaitangaza XFA kuwa ya kuachwa. Habari hizo hazijawafikia wanaotuma fomu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba dawa ilikuwa kwenye mashine yake muda wote. Firefox inazisoma fomu za XFA tangu toleo la mwishoni mwa 2021. Jenereta ilipowashwa tena, nilibofya faili kwa kitufe cha kulia, nikachagua Firefox, na visanduku vya bajeti vikajitokeza kimoja kimoja. Hakusema neno. Alivuta kiti, akaanza kujaza.

Kesho yake nilirudisha Acrobat Reader kwenye kompyuta tatu za fedha, kisha nikapita meza kwa meza na kalamu, nikimwomba kila mtu anionyeshe faili linalomsumbua kuliko yote.