Kelele za Helikopta New York: Nani Alipe?

ABIRIA anayepanda helikopta ya kitalii katika jiji la New York hulipa kiasi cha dola 200 au zaidi kwa safari ya robo saa hivi. Kwa fedha hizo huona Sanamu ya Uhuru, maghorofa ya Manhattan na Mto Hudson, kisha hushushwa. Ndani ya tiketi hiyo mna gharama za mafuta, rubani, bima, matengenezo, ada ya kiwanja na faida ya kampuni. Kitu kimoja hakimo: kelele wanazosikia watu walio chini.

Wiki hii tunaiangalia biashara hiyo kwa sababu inaonyesha wazi tatizo linaloikuta miji mingi, nalo ni gharama ambayo haibebwi na muuzaji wala mnunuzi, bali na mtu wa tatu. Msomaji anayeishi jirani na mashine ya kusaga atanielewa haraka. Mnunuzi wa unga anaondoka na unga wake na mwenye mashine anabaki na fedha zake. Jirani anabaki na mngurumo, na hakuna anayemlipa.

Gharama ya namna hiyo isipoingia katika bei, bidhaa inakuwa rahisi kuliko inavyostahili, na inauzwa kwa wingi kuliko ambavyo ingeuzwa kama kila mtu angelipa anachosababisha. Hapo soko halijakosea hesabu. Limepewa hesabu pungufu.

Kelele zinatoka wapi

Sehemu kubwa ya kelele za helikopta hutoka kwenye mapanga yake, hasa pale panga moja linapokata hewa iliyokwisha kuvurugwa na panga lililotangulia. Ndipo unasikika ule mlio wa kupigapiga. Ni mlio mzito, na sauti nzito hupenya kuta na madirisha kuliko sauti nyembamba. Kwa hiyo kufunga dirisha hakusaidii sana.

Jambo la pili ni njia zenyewe. Juu ya Mto Hudson, chini ya futi 1,300 (kama mita 400), kuna ukanda ambao marubani wanaruhusiwa kupita bila kusubiri kibali cha waongoza ndege, ilimradi wafuate kanuni zake. Kanuni hizo zilikazwa baada ya Agosti 8, 2009, helikopta ya watalii na ndege ndogo zilipogongana juu ya mto na kuua watu tisa. Ukanda huo unafaa sana kwa biashara, lakini wakazi wa kingo zote mbili wako karibu.

Jiji lina kiwanja, halina anga

Swali la kawaida ni kwa nini jiji tajiri namna hiyo lisipige marufuku tu. Jibu ni kwamba nchini Marekani anga husimamiwa na serikali ya shirikisho kupitia mamlaka yake ya usafiri wa anga, FAA. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua, katika kesi ya mji wa Burbank wa California, kwamba serikali ya mji haiwezi kutumia mamlaka yake ya kawaida kuzuia ndege zisiruke usiku.

Mji una nguvu pale unapokuwa mwenye kiwanja. Mwaka 1998 mahakama ya rufaa iliiruhusu New York kupunguza safari na saa za kazi katika kiwanja chake cha Mtaa wa 34, lakini ikakataa jiji lisiwapangie marubani njia za kupita angani. Kwa lugha ya soko, mwenye banda anaweza kuamua nani auze ndani ya banda lake. Barabara iliyo mbele ya banda si yake.

Mwaka 2016 jiji lilitumia nguvu hiyo. Lilikubaliana na kampuni za utalii kwamba safari zinazoanzia kiwanja cha kusini mwa Manhattan zipunguzwe kwa nusu ifikapo Januari 2017, zisizidi 30,000 kwa mwaka, na Jumapili zisiwepo kabisa.

Lakini ng'ambo ya mto kuna jimbo la New Jersey, lenye viwanja ambavyo haviko chini ya jiji. Safari zinazoanzia huko huja kuzunguka anga ile ile ya New York. Mapato na ada hubaki New Jersey, kelele zinavuka mto. Malalamiko hayakwisha.

Yapo pia maslahi ya upande wa pili. Biashara hii inaajiri marubani, mafundi na wauza tiketi, na mtalii aliyefurahi hutumia fedha hotelini na madukani. Helikopta za polisi na za wagonjwa hazimo katika mgogoro huu; kinachobishaniwa ni safari za starehe na za matajiri wanaokwepa foleni.

Mwaka 2025 mjadala uliwaka upya. Aprili 10 helikopta ya watalii ilianguka katika Mto Hudson na kuua wote sita waliokuwamo. Mwezi huo huo Baraza la Jiji lilipitisha sheria ya kuzuia helikopta zenye kelele nyingi zisifanye safari zisizo za lazima kutoka viwanja vya jiji, kuanzia mwishoni mwa 2029.

Wenye mitaji wameshaanza kuangalia vyombo vya umeme. Novemba 2023 kampuni ya Joby ilirusha chombo chake cha umeme kwenye kiwanja cha Manhattan, ikitangaza utulivu wake kama sehemu ya bidhaa.

Sheria ya 2029 inafanya kazi nzuri moja: inampa mwenye kampuni sababu ya kifedha ya kununua chombo kisicho na kelele. Upungufu wake ni ule ule wa 2016, kwamba inaishia kwenye viwanja vya jiji. Kelele zitaingia kikamilifu katika bei ya tiketi siku mwenye mamlaka juu ya anga yote, yaani serikali ya shirikisho, atakapozitoza popote helikopta inapoanzia. Kabla ya hapo, mkazi wa kando ya Hudson ataendelea kulipia safari asiyoipanda.