Herufi tatu kwa mwaka: hesabu ya kipindupindu kutoka pwani hadi Kintinku

Kintinku iko bondeni, kwenye Reli ya Kati, mbali na bahari. Samaki wanaoliwa huko ni kambale na perege wa mabwawa ya upande wa Bahi, pamoja na dagaa wakavu. Ni rahisi kudhani kwamba vimelea vya viumbe wa majini, kama kile cha kipindupindu, ni shida ya watu wa pwani. Lakini mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulivuka mikoa zaidi ya 20, na hadi 2018 watu zaidi ya 33,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 550 kufa.

Kimelea chenyewe, Vibrio cholerae, kina vinasaba vinavyoandikwa kwa herufi za kikemikali zipatazo milioni 4. Ukoo unaotutesa leo ulianza kusambaa kutoka Indonesia mwaka 1961. Watafiti waliolinganisha sampuli za miongo kadhaa walikuta kwamba katika sehemu ya msingi ya vinasaba hubadilika herufi kama 3 tu kwa mwaka. Zidisha kwa miaka 50: herufi 150 kati ya milioni 4. Kwa sababu mabadiliko ni machache na yanakwenda kwa mwendo unaojulikana, wataalamu wanaweza kusema mgonjwa huyu na yule wameambukizwa na kizazi kipi. Ndivyo ilivyobainika, mwaka 2017, kwamba tangu 1970 ukoo huo umeingia Afrika kutoka nje angalau mara 11. Miaka miwili baadaye ikaonekana kwamba kimelea kilichowaambukiza mamia ya maelfu ya watu Yemen kilikuwa ndugu wa karibu wa kile cha Kenya, Tanzania na Uganda.

Hatari kubwa haitoki kwenye hizo herufi 3. Inatoka kwenye vinasaba vinavyoingia kwa mkupuo. Sumu inayomkausha mgonjwa maji ililetwa na kirusi kinachoishi ndani ya bakteria. Usugu wa dawa kadhaa nao husafiri kama kifurushi kimoja. Na mwaka 2005 iligundulika kwamba kimelea hiki kikijishikiza kwenye magamba ya kaa, kamba na viumbe wadogo wa majini, huanza kufyonza vinasaba vya bakteria wengine.

Sasa jikoni. Kambale mbichi anapasuliwa kwenye ubao, kisu kinafutwa kwa kitambaa, kisha kisu hicho hicho kinakata nyanya za kachumbari. Katika joto zuri, kimelea kimoja hugawanyika kila dakika 20 hivi. Baada ya saa 8 ni vizazi 24: kimoja kimekuwa zaidi ya milioni 16, mia vimekuwa zaidi ya bilioni 1.6. Mtu mwenye afya huhitaji kumeza vingi mno ili augue, mara nyingi mamilioni, na chakula kilicholala ndicho kinachofikisha idadi hiyo. Dagaa aliyekaushwa sawasawa juani ana nafuu, kwa kuwa kimelea hiki hakivumilii ukavu. Hatari hurudi akilowekwa kwa maji machafu.

Tuje kwenye fedha. Tukadirie dola 100 kusoma vinasaba vya kimelea kimoja. Kusoma mgonjwa mmoja katika kila 100 wa mlipuko ule ni sampuli 330, yaani dola 33,000. Kwa kiwango cha Sh2,500 kwa dola ni Sh82.5 milioni. Kwa fedha hizo, chanjo ya kumeza ya takriban dola 1.5 ingetosha dozi 22,000 tu, wakati nchi ina watu zaidi ya milioni 61 kwa sensa ya 2022. Chanjo ni lazima, ila bila kujua ukoo gani umeingia na unavumilia dawa zipi, tunagawa chanjo na dawa kwa kubahatisha.

Kwa hiyo Wizara ya Afya iweke fungu la kusoma sampuli hapa nchini kila mlipuko unapoanza, na halmashauri zifikishe maji ya klorini na vyoo vijijini. Nawe msomaji, osha kisu na ubao kwa sabuni kabla ya kachumbari, na samaki aliyelala mpashe mpaka achemke.