Mtoto Asiyeweza Kusoma, na Mwalimu Asiyefundishwa



Miaka mingi iliyopita alikuwapo katika chuo changu mtoto mmoja mwenye hifdhi ya ajabu. Sura akisomewa mara tatu au nne huishika, wala hakosi hata neno. Siku moja nalimfunulia juzuu, nikamwekea kidole katikati ya sura aliyokwisha kuihifadhi, nikamwambia, "Soma hapa." Akanyamaza. Nikamrudisha kwenye herufi moja moja. Ba akaiita ta, na siku ya pili yake ta akaiita ba. Nikamdhania mvivu, nikamchapa. Akalia, wala hakusoma. Mwisho baba yake alimtoa chuoni akampeleka baharini kuvua, nami nikasema moyoni mwangu kuwa hilo ndilo fungu lake.

Leo najua ya kuwa kosa lile halikuwa la mtoto. Lilikuwa langu, kwani nalikuwa sijui jambo ambalo yampasa kila mwalimu kulijua kabla ya kushika bakora. Jambo hilo ndilo nitakalolieleza hapa.

Khabari hii si ngeni

Mnamo mwaka 1896 tabibu mmoja wa Uingereza, W. Pringle Morgan, aliandika khabari za kijana wa miaka 14, mwenye akili na mwepesi wa hesabu, ambaye hakuweza kusoma licha ya kufundishwa miaka mingi. Mwalimu wake alishuhudia kuwa lau masomo yote yangalikuwa ya mdomo, kijana yule angaliwapita wenziwe wote shuleni. Nilipoielewa khabari hii, nalimwona mwanafunzi wangu mbele ya macho yangu.

Hali hii leo huitwa disleksia. Si upofu, si uvivu, wala si upungufu wa akili. Ni uzito katika kuzitenga sauti za maneno na kuziunganisha na herufi zake, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Mtoto wa namna hii huweza kujificha muda mrefu sana, khasa mahali ambapo masomo ni ya kuhifadhi, kwa kuwa masikio yake humfanyia kazi ambayo macho yake yameshindwa. Amwonaye akisoma kwa ghibu husema, "Mashallah, kijana anajua," ilhali ukurasa ulio mbele yake haumwambii kitu.

Haki ya kukaa darasani

Marekani ilitunga sheria mwaka 1975 ya kumpa kila mtoto mwenye ulemavu haki ya kusomeshwa bure katika shule za serikali, na kila mmoja aandikiwe mpango wake mwenyewe wa masomo. Sheria hiyo ilifungua milango kwa watoto wengi waliokuwa wakirudishwa nyumbani. Walakini kukaa darasani ni jambo moja, na kujua kusoma ni jambo jingine. Mtoto alipewa mwalimu wa elimu maalumu. Je, mwalimu huyo naye alipewa nini?

Hapa ndipo palipokuwa na aibu. Mwaka 1967 mwanachuoni Kenneth Goodman aliandika kuwa kusoma ni namna ya kubahatisha maneno kwa kufuata maana ya sentensi. Rai hiyo ilienea katika vyuo vingi vya walimu, na watoto wakaambiwa watazame picha na wakisie neno. Mtoto mwepesi alipona kwa wepesi wake; aliyekuwa mzito alizama. Kisha mwaka 1994 Louisa Moats alitoa khabari za mtihani aliowapa walimu, na miongoni mwao wamo wa elimu maalumu, juu ya sauti za lugha yao wenyewe, akaona kuwa wengi hawakuzijua sawasawa. Neno la Kiingereza "ox" lina herufi mbili, lakini sauti zake ni tatu. Mwalimu asiyeisikia sauti ya tatu atamfundishaje mtoto asiyeisikia hata ya kwanza? Wala walimu hao hawakuwa wajinga. Vyuo vyao havikuwafundisha.

Yaliyothibitishwa kwa majaribio

Mwaka 1997 Bunge la Marekani liliagiza iundwe kamati ya wataalamu, ipime mafunzo ya kusoma kwa majaribio yaliyofanywa, si kwa mapenzi ya mtu. Kamati hiyo ilitoa ripoti yake mwaka 2000, nayo ilitaja mambo matano: mtoto azisikie na kuzitenga sauti za neno, afundishwe waziwazi, kwa utaratibu, herufi na sauti zake, azoee kusoma kwa wepesi, aongezewe maneno, na afundishwe kufahamu asomacho. Mtoto mwenye uzito wa kusoma huhitaji mambo yayo hayo, ila kwa hatua ndogo zaidi, kwa marudio mengi zaidi, na katika kundi la watoto wachache.

Basi mwalimu wa elimu maalumu yampasa afundishwe nini? Kwanza, azijue sauti za lugha anayofundishia. Kwetu sisi, ajue kuwa "ng" ya ngoma si "ng'" ya ng'ombe, na kwamba "dh" na "th" huandikwa kwa herufi mbili lakini kila moja ni sauti moja. Pili, ajue kufundisha kwa daraja: mwalimu asome kwanza, kisha wasome pamoja, kisha mtoto asome peke yake. Tatu, ajue kupima: kila wiki moja au mbili amsikilize mtoto akisoma kwa dakika moja, ahesabu maneno aliyoyapata sawa, aandike, na hesabu isipopanda, abadilishe mafunzo yake, asimlaumu mtoto. Jambo hili la kupima lina uzito zaidi katika lugha kama Kiswahili, ambayo maandishi yake hufuata sauti, kwani mtoto mwenye disleksia huweza kusoma silabi zake sawasawa, lakini kwa polepole mno, hata afikapo mwisho wa sentensi amekwisha kusahau mwanzo wake.

La nne ndilo husahauliwa. Mwalimu hafundishiki kwa semina ya siku mbili. Wataalamu Bruce Joyce na Beverly Showers walionyesha tangu miaka ya 1980 kuwa walimu wakihubiriwa tu hubadilika kidogo sana; bali wakionyeshwa, wakajaribu, na akawapo mtu wa kuwatembelea darasani na kuwasahihisha, hapo kazi hubadilika. Nani miongoni mwetu aliyejifunza kuendesha jahazi kwa kusikiliza hotuba?

Jimbo la Mississippi ni mfano. Ni jimbo maskini, na mwaka 2013 watoto wake wa darasa la nne walikuwa karibu na mkia katika mtihani wa kusoma wa taifa zima. Mwaka huo ilipitishwa sheria. Walimu wakasomeshwa upya namna watoto wanavyojifunza kusoma, na wasimamizi wakapelekwa kukaa na walimu katika shule zilizo dhaifu. Kufika mwaka 2019 watoto wa jimbo hilo walikuwa sawa na wastani wa nchi. Sheria hiyo pia humzuia mtoto wa darasa la tatu asiyeweza kusoma asipande darasa, na wako wasemao kuwa hilo nalo limechangia. Na iwe hivyo. Walimu waliosomeshwa upya hawawezi kutolewa katika hesabu.

Nasi je?

Tusidhani kuwa hayo ni ya Wamarekani peke yao. Tanzania ina chuo cha Patandi, Arusha, cha kufunza walimu wa elimu maalumu. Kenya ina taasisi yake tangu mwaka 1986. Mwaka 2015 Kenya ilianza mpango wa Tusome katika shule za msingi za serikali, ambao ulimpa mwalimu mwongozo wa kila somo, na maofisa wakawa wakimtembelea darasani. Na sisi wa vyuoni tunayo hijai yetu ya kale: herufi, kisha irabu, kisha silabi, kisha neno. Msingi huo ni mwema. Upungufu wetu ni kwamba tunaukimbilia ukurasa wa mbele kabla mtoto hajaumiliki wa nyuma, na abakiapo nyuma tunatafuta fimbo.

Enyi wazazi, mtoto wenu akishindwa kusoma, msimwite mjinga mbele ya nduguze. Mwendeeni mwalimu wake mumwulize kwa adabu: unampimaje, na umefundishwa wapi kumsaidia? Kuuliza si ujinga. Na enyi vijana mnaokusudia ualimu, chagueni kazi hii ya elimu maalumu, lakini msikubali kutoka chuoni na cheti bila ya ujuzi wa kusomesha.

Mwaka jana alinijia mtu mzima, mvuvi, amemshika mkono mwanawe wa miaka minane. Aliniamkia, "Shikamoo, Maalim," nami nikamtambua. Akasema, "Huyu naye hazioni herufi, kama mimi. Nimemleta kwako, lakini nakuomba usimchape."

Nalimwomba radhi mbele ya mwanawe. Mtoto yule sasa husoma nami kila alasiri, peke yake, robo saa, na idadi ya maneno yake naiandika katika daftari. Alianza na manne kwa dakika. Juzi alisoma kumi na tisa.